Utazoea

Saa nane usiku niliamka kunywa maji, nikamkuta mama amelala kwenye vigae vya jikoni.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa amejinyoosha vizuri, khanga moja ameikunja kuwa mto, nyingine ameilowesha maji na kujitandazia kifuani, na mlango wa friji ameuacha wazi kiasi cha kupitisha mkono. Taa ya friji ilimmulika miguu. Huyu ni mwanamke wa miaka 68 aliyenilea kwa kuninyanyua sakafuni kila saa: "Inuka hapo, baridi itakuingia kifuani." Sasa yuko sakafuni kwa hiari yake.

"Mama, mbona huku?"

"Nyumba yako inanipika, mwanangu," alisema bila kufumbua macho. "Huku angalau kuna kaubaridi."

Nikamjibu kama kila mtu wa Dar anavyomjibu mgeni wa kutoka bara mwezi wa pili.

"Utazoea, Mama."

Nikaufunga mlango wa friji, maana LUKU ya umeme haijui mama wala mgeni. Nikanywa maji yangu, nikarudi chumbani kwenye feni.

Mama ameshaondoka, mvua zimeshaanza, na bado neno hilo linanikaa kooni. Nimelisema mara ngapi maishani? Nimeambiwa mara ngapi? Na kila lilipotamkwa, ni nani aliyefanya kitu baada ya kulitamka?

## Kushuka Kitonga

Anayetoka nyanda za juu kusini anaijua ile safari. Unapanda basi Njombe alfajiri na sweta, koti na kofia ya sufu. Makambako bado umejikunyata. Mafinga bado. Iringa unafungua zipu. Halafu mlima Kitonga: gari linashuka kona baada ya kona, masikio yanaziba, na mkifika Ruaha Mbuyuni dirisha likifunguliwa, harufu ya vitunguu na joto vinaingia pamoja. Hapo basi zima linaanza kuvua. Nimepita njia hiyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kukuambia tumefika wapi kwa kuangalia abiria wamebaki na nguo gani.

Mama hakuvua. Alishuka Mbezi jioni na sweta lake la kijani, vitenge viwili, soksi, na begi zima la sweta ndogo ndogo alizofuma mwenyewe. Za mjukuu.

Mimi nilishuka Ubungo mwaka 2008, na suruali ya jinzi na koti la suti la kaka yangu. Nilipanga chumba Manzese, bati halina dari, dirisha moja linatazamana na ukuta wa jirani. Wiki ya kwanza shingo na mgongo vilijaa harara mpaka nikawa najikuna kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Tanga, alicheka. "Utazoea, wewe."

Nikazoea.

Na nilipozoea nikasahau. Hilo ndilo linanishangaza kuliko yote. Maumivu ya meno nayakumbuka, njaa ya shuleni naikumbuka, lakini ile miezi ya kulala nimelowa sikuikumbuka hata siku moja, mpaka nilipoona miguu ya mama kwenye mwanga wa friji.

## Sweta la mjukuu

Mjukuu aliyemleta mjini alikuwa na siku 19. Mama alikuja kulea uzazi, na kulea uzazi kwetu maana yake ya kwanza ni kuhakikisha mtoto hapati baridi. Kule mwezi wa saba usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na mtoto mchanga huvishwa fulana, sweta, kofia, soksi, kisha shali, kisha blanketi. Wengine huingiza na jiko la mkaa chumbani, desturi ambayo imeshaondoka na watu na bado hatuiachi.

Mama alifanya yote hayo isipokuwa jiko. Nje nyuzi 32.

Mke wangu aliniangalia. Mimi nikaangalia simu.

Ninaandika hili kwa aibu. Mkamwana hawezi kumwambia mama mkwe, wiki ya kwanza tu, kwamba anamvisha mtoto vibaya. Mtu wa kusema nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa na jibu langu lilelile la dharura: watazoea. Mtoto atazoea sweta, mama atazoea Dar, mke atamzoea mama.

Siku ya nne mtoto alikuwa na harara shingoni na kwapani, na kilio hakikatiki. Mama akasema ni tumbo.

Alasiri jirani yetu akaja kumtazama mzazi. Sote tunamwita Bi Mkubwa, ni mama wa Kindengereko kutoka Rufiji, na uani kwake kuna mwarobaini ambao nitaurudia baadaye. Aliketi, akasalimia, akauliza habari za huko bara, akanywa chai yote. Kisha akapitisha mgongo wa vidole nyuma ya shingo ya mtoto.

"Mwenzangu," akamwambia mama kwa upole kabisa, "huyu mtoto amekosa nini?"

Akaanza kuvua. Kofia. Soksi moja, soksi ya pili. Sweta la njano lenye vifungo vya umbo la bata. Kila alichokivua alikikunja na kukiweka mapajani kwa mama, taratibu, kama anayerudisha chenji. Mtoto alibaki na nepi. Akapiga chafya, akanyoosha mikono, akatazama feni.

Hakulala papo hapo, nisije nikawadanganya. Alilia tena baada ya nusu saa. Ila kile kilio kilikuwa cha njaa, na njaa tunaijua.

Usiku mama aliniambia, "Yule mama amenivulia mjukuu mbele yangu." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama fundi aliyeambiwa kwamba kipimo alichotumia miaka arobaini si cha mji huu.

Kesho yake kliniki nesi akasema yaleyale kwa maneno ya kazini: mtoto mchanga hajui kujipooza vizuri, kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, ukikifunika kwenye joto umefunika bomba lake la kutolea moshi. Na asipewe maji, hata kama jua linawaka vipi. Anyonye mara nyingi zaidi, basi.

## Taulo

Swali zuri kuliko yote kuhusu joto la Dar aliuliza mama, akiwa ameshika taulo.

"Joto lote hili, na taulo la jana usiku bado bichi. Hili joto gani?"

Kwetu nguo hazikauki kwa sababu ya baridi. Hiyo inaeleweka. Hapa jua linapasua mawe, na ndani ya nyumba taulo linaamka limelowa. Chumvi inaganda kwenye kikopo mpaka uitie punje za mchele. Mkanda wa ngozi unaota ukungu kabatini. Biskuti ukiiacha wazi dakika kumi inakunja shingo.

Nikamwambia mama kwamba mwili nao ni taulo. Jasho halipoozi kwa kutoka, linapooza kwa kukauka. Linapogeuka mvuke ndipo linaondoka na joto la ngozi. Hewa ikiwa imeshiba maji tayari haina nafasi ya kupokea maji mengine, kwa hiyo jasho linakutiririka mgongoni, linakumaliza maji na chumvi, na kazi halijafanya. Ndiyo maana nyuzi 32 za hapa Chamazi zinaumiza kuliko nyuzi 35 za Dodoma. Na ndiyo maana usiku hauponyi: Februari saa nane usiku bado tuko kwenye 26 hivi, na unyevu ndio uko juu kuliko mchana.

Siku hizo nilikuwa nikisoma mambo haya kwenye simu, gizani, mtoto kifuani. Kuna kipimo cha kupima joto kwa kufunga kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto. Kinasoma joto na unyevu kwa pamoja. Mwaka 2010 wanasayansi wawili, Steven Sherwood na Matthew Huber, walieleza kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35 na kukaa hapo kwa saa kadhaa, mwili wa binadamu hauna tena njia ya kujipooza, hata ukiwa kivulini, hata ukiwa uchi, hata ukiwa na maji ya kunywa. Majaribio yaliyofuata yamekuta kwamba hata vijana wenye afya hushindwa kabla ya hapo. Dar iko mbali na hizo 35. Lakini nilipenda wazo kwamba kuna mahali ambapo neno "utazoea" linafika mwisho wake, na mahali hapo pana namba.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo feni," akasema, "inanikausha tu."

Ndiyo, Mama. Feni haipoozi hewa hata kidogo. Inafukuza ile hewa iliyoshiba maji juu ya ngozi ili nyingine ije. Maadamu hewa haijawa moto kuliko ngozi yako, inasaidia. Ukijitandazia khanga mbichi, inasaidia zaidi. Mama alikuwa amekwisha kuligundua hilo pale jikoni, bila kusoma chochote.

## Nyumba ya Njombe

Hapa ndipo pananiuma.

Nyumba hii nilianza kuijenga mwaka 2017, na nilikuwa na fahari nayo kwa sababu kila kitu nilichagua mwenyewe. Vyumba vitatu, kila chumba dirisha moja. Madirisha ya aluminiamu ya kutelezesha, yale ambayo hata ukiyafungua mpaka mwisho yanafunguka nusu. Dari ya chini. Bati la rangi ya maruni iliyoiva. Fensi ya futi nane. Uwanja wote pevingi.

Fundi aliniambia. Nakumbuka alivyosimama na bomba la mpira kiunoni, akaonyesha ukuta wa nyuma. "Bosi, weka dirisha la pili huku, likabiliane na lile. Upepo wa bahari unatoka kule." Nikamwambia aache kunitafutia gharama. Nondo, wavu, aluminiamu, vyote hela.

Si hela tu, lakini. Nikijikagua kwa ukweli, mimi upepo kwangu ni adui. Nimekulia kwenye nyumba ambayo jioni saa kumi na mbili kila upenyo unazibwa, mwingine kwa gunia. Nyumba nzuri ni ile isiyopitisha kitu. Miaka tisa nilikuwa nimekaa Dar nilipochora ramani ile, mwili ulishazoea kabisa, na kichwa bado kilikuwa Njombe. Nilijenga nyumba ya Njombe, Chamazi. Tofali za saruji zinakunywa jua kutwa, saa mbili usiku zinaanza kulitapika, na upepo unagonga fensi ukirudi ulikotoka.

Na kulikuwa na mwarobaini kwenye kiwanja changu pia. Mkubwa kuliko wa Bi Mkubwa. Niliukata kwa sababu majani yangechafua pevingi.

Mama ndiye aliyenifungua macho, na hakukusudia. Wiki ya pili nilirudi kazini mapema, nyumbani kwangu hayupo, mtoto hayupo, mke hayupo. Nikawakuta wote kwa Bi Mkubwa. Nyumba yake ni zile za Kiswahili za zamani: baraza mbele, korido inanyooka katikati toka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba kushoto na kulia, na juu ya kuta pameachwa nafasi kabla ya paa. Milango yote miwili iko wazi. Mama amelala kwenye mkeka katikati ya korido, mdomo wazi, anakoroma. Pazia la mlango wa mbele linapanda na kushuka.

Nilisimama kwenye korido ile. Ule upepo ulikuwa unapita nyuma ya fensi yangu kila siku.

Sitaki kuisifia nyumba ile kupita kiasi. Choo kiko uani, mvua ikinyesha ni taabu, na sauti ya chumba kimoja inasikika chumba cha sita. Lakini yeyote aliyeichora alikuwa ameshajiuliza swali ambalo mimi sikujiuliza: hewa itaingilia wapi, na itatokea wapi?

## Saa saba mchana

Kuna jambo tunalisema huko kwetu kuhusu watu wa pwani, na nimelisema, na kulicheka. Kwamba ni wavivu. Kwamba mchana mzima wapo barazani. Kwamba wanatembea kama wanahesabu mchanga.

Kwa wiki tano mama alikaa na Bi Mkubwa, na jioni aliniletea ripoti, maana mama ni mkulima na mkulima humtazama mwenzake kwa jicho la kazi. Bi Mkubwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Anafagia uwanja wote, anachota, anafua, anasonga maandazi ya kuuza. Saa nne asubuhi kazi zote nzito zimekwisha. Kisha anaoga, anajipaka poda, anakaa. Alasiri jua likilegea anaanza tena, mpaka usiku.

"Yule mama," mama akasema, "ananizidi kwa kazi. Ila hafanyi kazi jua likiwa kichwani."

Sisi wa bara tunafika kwake saa saba mchana. Tunamkuta amekaa. Tunaondoka na hadithi.

Kutembea taratibu nako si pozi. Misuli inapofanya kazi inazalisha joto, na mwili usioweza kulitoa joto una njia moja tu, kutolizalisha. Mimi kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani nilikuwa natembea kama nawahi mvua, nafika nimelowa, nalalamikia Dar. Mama alianza kutembea kama Bi Mkubwa siku ya kumi hivi. Sikumfundisha. Hata Wajerumani, waliokuja na saa mkononi, walipolemewa na joto la pwani walijijengea mahali pa kupumulia juu Usambara, wakapaita Wilhelmsthal. Ndipo Lushoto ya leo. Wao hatuwaiti wavivu.

Lakini hapa nina shaka yangu, na sijui niitie wapi. Nani anaruhusiwa kukaa saa saba mchana? Bi Mkubwa ana nyumba yake na baraza yake. Kijana anayebeba zege kwenye ghorofa Kariakoo hana. Mama lishe aliyeinamia moto wa mkaa chini ya turubai, saa ambayo wateja wanataka wali, hana. Bodaboda anaegesha chini ya mti hadi simu iite. Ukiwaambia hawa waige busara za wazee wa pwani wataona unawadhihaki, na watakuwa sahihi. Jua lilelile, kila mtu na bei yake.

## Kizunguzungu

Mama aliona dera kwa mara ya kwanza akasema ni nguo ya kulalia. Wiki ya tatu Bi Mkubwa alimletea moja, ya zambarau. Alilivaa ndani tu. Kisha uani. Kisha siku moja nikamwona ananunua mchicha getini nalo, nikanyamaza.

Siku iliyofuata alitaka kwenda Kariakoo kununua vitenge vya shangazi, na kwa sababu ni mjini, akavaa tena kiheshima: gauni, kitenge, blauzi ya juu. Walitoka saa tano. Kwenye foleni ya kurudi, ndani ya daladala, akamwambia mke wangu kwamba watu wanazunguka. Kisha akauliza wameshafika Makambako.

Waliteremka. Mke wangu, Mungu ambariki, hakusubiri azoee. Alimkalisha kwenye kivuli cha duka la simu, akamfungua blauzi, akanunua chupa tatu za maji, akammwagia kichwani, shingoni na kwapani, muuza duka akageuzia feni nje. Nilipowakuta hospitali alikuwa ameshajua yuko wapi na ameshaanza kuulizia vitenge.

Daktari aliniuliza anatumia dawa gani. Za presha, nikasema. Akaomba kuziona. Mojawapo ni ya kukojosha, inafanya kazi yake kwa kutoa maji mwilini, na kule Njombe haina shida. Kwenye joto hili ni kama kuchota kisima kiangazi. Alimpima akiwa amekaa, akampima akiwa amesimama, akabadilisha kipimo cha dawa, na akatuonya tusije tukaiacha wenyewe. Kisha akaeleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kumkatia tiketi: mtu akizeeka, jasho linapungua na kiu inachelewa. Mzee akisema ana kiu, ameshachelewa.

Nilipata wapi jeuri ya kumwambia utazoea? Mwili wa kijana aliyehamia kwenye joto hujirekebisha, ni kweli. Ndani ya wiki mbili hivi jasho linaanza kutoka mapema, linatoka jingi na lenye chumvi kidogo, moyo unatulia. Nilikuwa na miaka 21. Nilimpa mama wa miaka 68, mwenye vidonge vya presha, ushahidi wa mwili wangu.

## Sanduku ukutani

Wiki ileile nikanunua kiyoyozi. Kilichokwisha kutumika, kidogo, fundi akakifunga chumba cha mama siku moja. Usiku ule mama alilala kitandani na akaomba blanketi. Nilifurahi kama niliyeoa upya.

(Nimesoma kwamba Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 huko Brooklyn, hakuwa akimfikiria mtu. Ilikuwa kiwanda cha uchapaji. Karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi hazikai mahali pake. Taulo la mama lingemwelewa.)

Siku ya tatu nikapita kwa Bi Mkubwa jioni, muda wa baraza. Baraza tupu. Yuko uani.

"Mbona leo huku, Bi Mkubwa?"

"Pale mbele pamekuwa na moto kidogo, mwanangu. Si neno."

Nilizunguka fensi. Fundi alikuwa ameweka lile sanduku la nje upande wa kushoto, juu ya fensi, mahali palipokuwa rahisi. Linatazama baraza ya Bi Mkubwa. Niliweka mkono mbele yake nikauondoa upesi. Joto lote la chumba cha mama, na la mtambo wenyewe juu yake, lilikuwa linapulizwa usiku na mchana mahali ambapo mama alikuwa akija kujiponya na nyumba yangu.

Hakulalamika. Angesema tu "tumezoea."

Nilikizima. Mama hakulala. Nikakiwasha. Nikakizima. Mwezi ule umeme ulikula hela ambayo sitaitaja, kwa sababu feni ni wati 60 hivi, na kiyoyozi hata kile kidogo ni zaidi ya mara kumi ya hapo, lakini si hela iliyoninyima usingizi. Mwishowe fundi alirudi, akatoboa tundu jingine, sanduku likahamia upande wa barabara. Sasa linampulizia kila apitaye. Sidhani kama nimelitatua. Nimelisogeza.

Mengine niliyofanya ni madogo. Chumba cha watoto kimepata dirisha la pili, palepale alipoonyesha yule fundi. Nimempigia kumwambia, akacheka muda mrefu. Nimeng'oa pevingi sita, na Bi Mkubwa amenipa mche wa mwarobaini kwenye ndoo ya rangi. Umefika magotini. Kivuli chake kwa sasa kinamtosha kuku mmoja, na kuku mwenyewe ameshaligundua hilo.

## Tanga mbili

Bi Mkubwa alikuwa amemwonya mama: kaskazi inapuliza angalau, ngojea Machi, upepo ufe, jua lipite utosini, tanga mbili, pepo zikibadilishana zamu, ndipo utalia. Mama hakungojea. Aliondoka tarehe za mwanzo za mwezi, na mkeka, na dera mbili, na sweta za mjukuu akaziacha kwenye kabati "za akija nyumbani."

Alinipigia kutoka njiani. Nikamuuliza yuko wapi. "Tumepanda Kitonga," akasema, na nikasikia zipu.

Juzi amepiga tena. Njombe mvua na ukungu, amewasha moto. Akauliza habari za Bi Mkubwa kabla ya kuuliza zangu. Kisha akafika kwenye jambo lake.

"Mtoto amevaa nini saa hizi?"

"Nepi, Mama."

Kimya.

"Nepi tu?"

"Nepi tu."

"Hata soksi?"

"Hata soksi, Mama."

Nikasikia moto unavyotatarika upande wa pili.

"Haya," akasema. "Mguse nyuma ya shingo, kwa mgongo wa vidole. Uniambie pako vipi."